Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ninavyosoma na Ninavyoandika

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wanafunzi wa sekondari na wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kutoka kwa wasomaji wanaonisimamisha katika soko la Majengo, na kutoka kwa vijana wanaoniletea miswada yao nyumbani. Nimeyapa namba ili pale ambapo jibu moja linategemea jingine nimwelekeze msomaji huko badala ya kurudia maneno yaleyale.

## Kuhusu kusoma

1. Ulijifunzia wapi kusoma?

Nilijifunza nikiwa nimekaa mkekani pembeni ya mama yangu, katika darasa la kisomo lililofanyika jioni chini ya mbuyu, kijijini kwetu mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata wanawake waliotoka shambani walikuja darasani na watoto mgongoni, wakaweka majembe kando na kushika penseli kwa vidole vilivyozoea mpini. Mimi nilikuwa bado sijaandikishwa shule. Mwalimu alisoma sentensi, darasa zima likaitikia, kisha mtu mmoja akaitwa aisome peke yake, na akikosea neno aliambiwa, "Rudia."

Hakuna aliyesoma kimya katika darasa lile. Nilikua nikiamini kwamba kusoma ni kutoa sauti, na nilipoanza shule ya msingi nikaambiwa nisome kwa macho tu, niliona kama nimenyang'anywa nusu ya kitabu. Imani hiyo haijanitoka, na majibu mengi yaliyo hapa chini yana mizizi yake katika mkeka ule.

2. Ni vitabu gani unavyovirudia kila mara?

Si vingi. Ninarudia *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, kwa sababu moja ya kiufundi ambayo wanafunzi wanaoisomea mtihani hawaambiwi vya kutosha. Karibu kitabu chote kimebebwa na sauti ya mtu mmoja anayejitetea barazani. Karama ameshtakiwa, maisha yake yako hatarini, na silaha yake pekee ni kusimulia habari za wajumbe waliomtangulia. Mwandishi yeyote anayetaka kujua namna ya kumfanya msomaji asubiri, bila fumanizi wala vita, aisome kwa sauti na ahesabu ni mara ngapi anajikuta hawezi kuishia katikati ya aya.

Ninarudia pia riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa *Rosa Mistika* ya mwaka 1971 na *Gamba la Nyoka* ya mwaka 1979. Ya kwanza iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na nilipoisoma nikiwa kijana niliisoma kwa hofu ya kukamatwa nayo. Leo ninaisoma kwa ajili ya sentensi zake fupi zisizomwonea haya msomaji. Ya pili inahusu vijiji vya ujamaa, jambo ambalo sisi wa Dodoma tuliliona kwa macho yetu katika miaka ya 1970, nyumba zikiachwa na watu wakihamishiwa mahali walipopangiwa. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na Kiswahili hakikuwa lugha ya kwanza nyumbani kwao kama ambavyo hakikuwa lugha ya kwanza kwetu. Kwangu hilo lina uzito mkubwa, kama nitakavyoeleza katika swali la 3 na la 13.

Kutoka Zanzibar ninarudia *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayohusu wachukuzi wa bandarini. Mimi sikukulia karibu na bahari, lakini kitabu kile kilinifundisha kwamba kazi ya mikono ina msamiati wake kamili, na kwamba mwandishi asiyeujua msamiati huo hana haki ya kumwandika mfanyakazi.

3. Kwa nini unamtaja Mnyampala kila unapozungumza?

Kwa sababu bila yeye nisingethubutu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 katika nchi hii ya Ugogo, akafariki mwaka 1969, na katika muda huo alifanya jambo ambalo watu wengi wa wakati wake waliliona kuwa la watu wa pwani peke yao: alitunga mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, akatambulika nchi nzima. Tena hakuwatupa watu wake. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo, nami ninakiweka mezani wakati wote.

Wanafunzi wanamjua kwa ngonjera, ushairi wa majibizano ambao yeye ndiye aliyeupa nguvu. Wengi wao wanaiona ngonjera kuwa ni jambo la kupokelea wageni wa heshima shuleni, watoto wamepangwa mstari mmoja, mikono nyuma. Naomba waitazame upya. Katika ngonjera nzuri kila mnenaji anashika neno la mwisho la mwenzake na kuligeuza, na hakuna anayezungumza ili tu kumsaidia mwenzake aendelee. Hapo ndipo nilipojifunza kuandika mazungumzo. Ninapoona wahusika wangu wawili wanakubaliana kwa kurasa mbili mfululizo, najua kwamba mmoja wao hana kazi katika sura hiyo.

4. Je, unasoma riwaya za upelelezi?

Ndiyo, na sikubaliani na wanaozidharau. Muhammed Said Abdulla alipochapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960 na kutupa mpelelezi wake, Bwana Msa, alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuficha jambo mbele ya macho ya msomaji bila kumdanganya. Ustadi huo unahitajika hata katika riwaya isiyo na maiti.

5. Una maoni gani kuhusu vitabu vilivyotafsiriwa?

Nilisoma *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa kwa jina hilo mwaka 1969, kabla ya kujua kwamba Shakespeare alikuwa Mwingereza, na sikuona ajabu yoyote kwamba Warumi walizungumza Kiswahili. Baadaye nilikutana na Chinua Achebe kupitia *Shujaa Okonkwo*. Vitabu hivyo vilinipa ulimwengu kwa lugha niliyokuwa nikiota nayo.

Hata hivyo, furaha yangu kubwa ni ya karibuni zaidi. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watu wengi hapa nchini walimsifu bila kuwa wamemsoma, kwa kuwa ameandika kwa Kiingereza. Tangu riwaya yake ilipotoka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, nimeisoma kwa sauti sebuleni kwangu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Misafara inayotoka pwani kuja bara, iliyokuwa ikipita katika nchi kavu kama hii yetu, ilikuwa imerudi katika lugha ambayo wapagazi na wafanyabiashara wake walielewana kwayo.

6. Unasoma nini wakati unaandika riwaya yako?

Sisomi riwaya ya mtu mwingine, kwa kuwa sikio langu huiga upesi. Ninasoma mashairi, kamusi, na kumbukumbu za majadiliano ya Bunge. Hizo za mwisho huwashangaza wengi, lakini ukizisoma kwa subira unaona jinsi mtu anavyokasirika huku akiendelea kusema "Mheshimiwa Spika", na jinsi swali linavyokwepwa kwa adabu. Anayeandika juu ya mji wenye Bunge ni vyema asikie lugha inayosemwa humo.

7. Unasoma kwenye simu au kwenye karatasi?

Karatasi kwa vitabu, simu kwa habari. Vitabu vyangu vingi vimetoka kwa wauza vitabu vilivyotumika, ambao hupanga bidhaa zao chini, juu ya turubai. Na nilipokuwa sina fedha nilitegemea maktaba ya mkoa.

## Kuhusu kuandika

8. Unaandika saa ngapi?

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Nilianza utaratibu huo nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari na kengele ya kwanza ikinisubiri, na nilipostaafu nilijaribu kuandika mchana nikashindwa. Miezi ya Juni na Julai Dodoma ina baridi kali alfajiri, hivyo hujifunika shuka na kuweka jiko la mkaa barazani, nje ya mlango, ili nipate chai bila kuondoka mezani kwa muda mrefu.

9. Unaandika kwa mkono au kwa kompyuta?

Rasimu ya kwanza huwa kwa mkono, katika kaunta buku, ukurasa wa kulia tu. Ukurasa wa kushoto nauacha mtupu kwa ajili ya masahihisho na maswali ninayojiuliza. Daftari hunizuia kufuta. Kompyuta hufuta sentensi bila kuacha kovu, na mimi nimejifunza mengi kutokana na makovu. Rasimu ya pili ikikamilika ndipo ninapopeleka stesheneri ichapwe, kisha nairekebisha mwenyewe kwenye kompyuta.

10. Unaandika maneno mangapi kwa siku?

Sihesabu maneno. Kurasa mbili za daftari zinatosha, na siku mbaya nusu ukurasa unatosha.

11. Ni kweli kwamba huacha kuandika wakati wa mvua?

Ni kweli kwa sehemu. Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni haba. Anayekosa kupanda kwa wakati hana nafasi ya pili mwaka huo. Nina shamba la uwele na mtama, nalima mwenyewe kwa msaada wa wanangu, na katika miezi hiyo sianzi kitu kipya. Rasimu ya kwanza huiandika kiangazi, kati ya Juni na Novemba.

Lakini kazi haisimami kabisa. Nafaka inapoanza kukomaa huja kweleakwelea, makundi kwa makundi, na mtu asipokaa shambani kutwa nzima huvuna mabua. Ninapanda kwenye dungu kuamia ndege nikiwa na kopo la mawe, kombeo na mswada wa mwaka uliopita. Huko ndiko rasimu ya pili inakozaliwa. Ninasoma kwa sauti kubwa, sauti ya kufika mwisho wa shamba, kwa kuwa ndege wanapaswa kujua kwamba kuna mtu. Na sentensi inayosomwa kwa sauti ya namna hiyo haiwezi kuficha ulegevu wake. Ile yenye vishazi vingi visivyo na kazi hunikata pumzi kabla haijaisha. Ile yenye maneno ya kujionyesha hunitia aibu hata pale ambapo hakuna anayenisikia isipokuwa jirani wa shamba la pili. Ninaweka alama ya kalamu nyekundu mahali pumzi ilipokatika, ninatikisa kopo, ninaendelea. Sura nzima huweza kupungua theluthi moja kati ya Aprili na Mei, na sijawahi kujutia kilichobaki dunguni.

12. Unapokwama unafanya nini?

Ninanakili. Ninachukua kurasa tatu za nyuma nilizoandika na kuzinakili upya kwa mkono, polepole, bila kukusudia kubadilisha chochote. Mara nyingi kosa haliko pale nilipokwama. Liko kurasa mbili nyuma, mahali nilipomlazimisha mhusika afanye jambo kwa sababu mimi nilitaka.

## Kuhusu lugha na mahali

13. Kwa nini huandiki kwa Kigogo?

Ninatamani riwaya za Kigogo ziandikwe, na atakayeziandika atanipata mstari wa mbele kununua. Mimi ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kusomea na kufundishia, na kwa sababu sikubali kwamba Kiswahili ni mali ya pwani ambayo sisi wa bara tumeazimwa. Mtu wa Tanga, wa Unguja, wa Ukerewe na wa Mpwapwa kila mmoja ana hewa yake katika lugha hii. Riwaya yangu ikisomeka kana kwamba imeandikwa Mombasa, nimeshindwa kazi, hata kama kila neno limo katika kamusi.

14. Mbona unaweka maneno ya Kigogo bila kuyafasiri?

Ninayaweka machache, na mahali ambapo sentensi yenyewe inayaeleza. Mzee akiingia uani akasema "Mbukwenyi" na wenye nyumba wakaitika na kumpa kigoda, msomaji wa Mtwara anajua kwamba amesalimu. Wanawake wakipachika ngoma za muheme katikati ya miguu na kuanza kupiga, hahitaji maelezo pembeni. Nikiona neno linahitaji maelezo ya mstari mzima, ninaliondoa au ninaiandika upya sura.

15. Ulifanyaje utafiti wa riwaya yako ya njaa?

Riwaya hiyo inahusu Mtunya, njaa iliyoikumba nchi hii kati ya mwaka 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Watu walikufa wengi na wengine wakahama wasirudi. Mnyampala alizaliwa mwaka uleule njaa ilipoanza, jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi nikiwa mezani.

Nilianza kuuliza wazee miaka ya 1980, wakati walikuwepo bado waliokuwa watoto wakati wa Mtunya. Nilifanya kosa kubwa mwanzoni. Niliwauliza tarehe, nao wakanyamaza, nikadhani wamesahau. Kumbe walikuwa na kalenda yao, miaka ikitajwa kwa njaa zake na kwa mambo yaliyotokea humo. Nilipobadilisha swali na kuuliza, "Mlikula nini?", bibi mmoja alizungumza kutoka asubuhi hadi jua kuzama. Alitaja mizizi, ngozi za ng'ombe zilizochemshwa, na mtu aliyebadilishwa kwa debe la nafaka. Sikuwa na kinasa sauti. Usiku ule niliandika kwenye kaunta buku hadi mafuta ya koroboi yakaisha, na sura ya saba ya kitabu ni yake karibu neno kwa neno, ingawa jina lake sikulitaja, kwa kuwa aliniomba hivyo.

Ushauri wangu kwa wanaotaka kuandika historia ni kwamba waulize juu ya chakula, njia na wanyama. Tarehe watazipata katika maandishi.

16. Kukua kwa Dodoma kumebadilisha uandishi wako?

Kumebadilisha masikio yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji ulibaki mtulivu, wenye vumbi na upepo. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma kutangazwa kuwa jiji mwaka 2018, nilianza kusikia katika daladala lafudhi za mikoa yote katika safari moja. Sasa treni ya umeme inamleta mtu kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Ninafurahi kwa ajili ya wahusika wapya. Ninahuzunika kwa ajili ya mashamba yaliyogeuka viwanja kabla watu hawajaandika majina ya mahali hapo ya zamani, na katika kitabu ninachokiandika sasa ninayarudisha majina hayo moja moja.

17. Je, wahusika wako ni watu halisi?

Hapana, lakini wamevaa nguo za watu halisi. Ndugu yangu mmoja aliacha kunisemesha kwa miaka mitatu akiamini kwamba nimemwandika katika riwaya ya pili. Nilikuwa nimechukua namna yake ya kukohoa kabla ya kusema uongo, hakuna zaidi, lakini hiyo ilitosha kumwumiza, na alikuwa na haki. Tangu hapo, mazoea ya mtu aliye hai ninayahamishia kwa mhusika wa jinsia nyingine au wa umri mwingine.

## Kwa wanaoanza kuandika

18. Naweza kukuletea mswada wangu?

Unaweza, kurasa kumi za mwanzo, na uje wewe mwenyewe kwa sababu nitakuomba unisomee. Ukiona haya kuzisoma mbele yangu, hilo ni jibu tosha kuhusu hali ya mswada. Nenda nao kwanza mahali pa faragha, ukafanye kama nilivyoeleza katika swali la 11.

19. Nifanyeje ili kazi yangu isiibiwe?

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu unapoiandika, na ulinzi unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chako. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, miswada mingi zaidi hupotea kuliko kuibiwa. Mchapishaji mmoja alipoteza nakala yangu pekee ya hadithi fupi 12, nami sikuweza kuandika tena zaidi ya 5. Weka nakala tatu, mahali patatu.

20. Nishindanie tuzo?

Shindana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imewafungulia vijana mlango ambao sisi hatukuwa nao. Lakini usiandike kwa ajili ya tarehe ya mwisho ya kupokea kazi. Chukua kile ulichokwisha kukiandika vizuri.

21. Nani anasoma mswada wako kabla ya mtu mwingine yeyote?

Mama yangu, yule wa swali la 1. Macho yake sasa hayaoni herufi, kwa hiyo ninamsomea mimi, jioni, yeye akiwa amekaa mkekani na mimi kwenye kigoda. Hasifu wala halaumu. Anasikiliza huku akipepeta au akichambua mlenda kwa vidole, na ninapofika mahali ambapo sentensi haijakaa sawa, vidole vinasimama, ananigeuzia uso na kusema, "Rudia."